Mtani Aliyechelewa Msiba

Katika mkoa mzima wa Tabora hakuna mashine iliyowahi kunikamata kwa uongo. Haya, niseme vizuri. Ya kupimia presha ilinikamata. Mizani ya zahanati hunikamata kila mwezi nikisema siku hizi sili chapati. Na lile lango la kituo cha treni lilinikamata na kuku wawili niliosema ni mmoja. Lakini Shahidi, mashine ya Chuo cha Washauri, hiyo nilikaa mbele yake miaka sita nikilia vilio vya watu wasiokuwepo, nayo ikawaka kijani tu, kama imelishwa mchicha.

Kazi yangu iliitwa mteja wa mazoezi. Vijana wanaokuja chuoni pale wana digrii zao tayari, wanatafuta ya pili, ile inayowaruhusu kukaa na mtu aliyeumia moyo wakamtibu kwa maneno. Hawapewi cheti mpaka watimize saa mia sita za kukaa na wateja. Sasa huwezi kumpa mwanafunzi mtu aliyevunjika kweli, akammalizia. Kwa hiyo walituajiri sisi watatu: mimi, fundi cherehani aliyestaafu, na mchungaji aliyefukuzwa kanisani kwa sababu ambazo hapendi zitajwe. Sizitaji. Mke wa mwenyekiti wa kwaya anazijua vizuri zaidi.

Asubuhi unapewa kadi. "Leo wewe ni rubani, unaogopa kulala." "Leo wewe ni hakimu, mwanao hataki kukusalimia." Mimi darasa la saba nimekuwa rubani, nimekuwa hakimu, nimekuwa mke wa balozi mara nne. Unaisoma kadi, unaingia chumbani, unakaa, unaanza kuumwa.

Shahidi anakaa mezani katikati yenu. Ukubwa wake ni kama kifuniko cha chupa ya soda. Hakugusi. Anasikiliza pumzi, anatazama joto la uso na mshipa wa shingo unavyopiga, kisha analinganisha na maneno yanayotoka mdomoni. Mwanafunzi anaona jibu kwenye miwani yake, na msimamizi analiona ofisini kwake. Kijani maana yake moyo na mdomo vinasema kitu kimoja. Njano, mtu anaficha. Nyekundu, mtu amevurugika, asimamishwe, aitiwe wakubwa. Kwa mteja wa mazoezi kijani ndiyo sifa yenyewe: umeigiza hadi moyo umeamini. Fundi cherehani alikuwa njano tangu anaingia mpaka anatoka. Mimi kijani. Walimu waliniletea wageni wanitazame kama twiga.

Sasa siri yangu ni hii. Sikuwahi kuigiza.

Nilikuwa na mtoto mmoja, Kasele. Alikuwa fundi wa minara ya umande, ile mirefu yenye nyavu inayotunywesha maji tangu mvua ziharibu adabu. Alianguka siku ya upepo, miaka kumi na moja iliyopita. Kwa hiyo kadi ikisema rubani analia, namlilia Kasele. Ikisema hakimu, Kasele. Mke wa balozi naye, pamoja na vidani vyake vyote, analia kwa ajili ya fundi wa minara. Shahidi alikuwa anasema kweli kila siku. Aliyedanganywa ni aliyeandika kadi.

Kwenye fomu ya kazi paliandikwa: asiajiriwe mwenye jeraha la kweli. Nikajaza: mtoto mmoja, yupo Mpanda, mzima wa afya. Hakuna aliyeweza kunipinga, maana kifo chake sikuwahi kwenda kukiandikisha. Mpaka leo kwenye daftari la serikali Kasele yu hai, ana miaka arobaini na moja, na hajaenda kuchanjwa, wanamlalamikia.

Mtaniuliza, bibi, mbona usiseme tu ukasaidiwa? Kwa sababu ya kulegezwa. Sheria inasema huzuni ikizidi miaka miwili imeganda, na iliyoganda inalegezwa. Unalala siku saba kwenye Nyumba ya Utulivu, wanakuwekea kitu kama kilemba, kinatafuta mahali marehemu alipofunga kamba zake kichwani mwako, kinazilegeza moja moja. Hakikusahaulishi. Mzee Mihambo, jirani yangu, walimlegeza. Zamani alikuwa anamimina vikombe viwili vya chai kila asubuhi, cha pili anakitazama mpaka kinapoa, halafu anamwaga. Alikonda akawa kama ufito. Siku hizi anamimina kimoja. Amenenepa, analala, yumo kwenye kamati ya maji. Nilimuuliza juu ya mkewe. Akafikiri kidogo, akasema, "Ndiyo, nilikuwa na mke. Alikuwa anapika vizuri," kisha akaniuliza kama nitamaliza andazi langu.

Ana afya kunishinda, sikatai. Lakini mimi andazi langu nilimwachia, nikaenda nyumbani nikajifungia.

*

Siwema Pazi alikuja chuoni kutoka Kisarawe, Mzaramo kamili, ana miaka ishirini na sita na mgongo ulionyooka kama amemeza ufagio. Watu wa kwao na sisi Wanyamwezi ni watani tangu babu zetu walipokuwa wanateremka pwani na mizigo kichwani. Mtani anaruhusiwa kukutukana mbele ya mkweo ukacheka. Kwa hiyo siku ya kwanza nilimpokea kwa heshima zote.

"Shikamoo, Bibi," akasema.

"Marahaba. Wamekuruhusu kutoka ngomani? Nilidhani Wazaramo mpaka ngoma ichanike."

Wanafunzi wengine hubabaika. Yeye akafungua daftari lake taratibu. "Imechanika jana, Bibi. Nikasema nije Tabora nitafute mbebaji wa kunibebea nyingine."

Nikampenda papo hapo. Lakini kazini, weee! Alikuwa mtu wa kitabu. Ukimwambia umefiwa, anakunja mikono: "Nasikia unasema kwamba umefiwa." Ukimwambia usiku hulali: "Nasikia unasema kwamba usiku hulali."

"Nimesema mimi," nikamwambia siku moja, nje ya kadi, "wewe unanirudishia tu. Kasuku wa bandarini angekuwa na cheti zamani."

"Ndivyo tunavyofundishwa, Bibi. Mteja ajisikie amesikika."

"Na wewe je? Wewe unanisikia, au unamsikiliza huyo kifuniko?"

Nilimwona akiivua miwani na kuifuta, na ilikuwa safi.

*

Saa yake ya mia sita, ambayo ndiyo mtihani wa mwisho, ilipangwa na mimi, Alhamisi, saa nne asubuhi. Kadi yangu ilisema: *Mjane. Mume amefariki wiki tatu zilizopita katika ajali ya treni. Hali chakula.* Nikaingia na mkoba wangu, ndani kitambaa na kitochi changu. Watu wote siku hizi wanavaa bangili za kuongea, na mimi nina kitochi cha vitufe. Mtandao wake umebaki kwa wazee na wezi. Anayenipigia ni mtu mmoja tu, jirani yangu Mama Nshoma, kila siku saa sita kamili mchana, kuuliza kama nimekufa. "Kalunde, bado upo?" "Nipo." "Haya." Anakata. Nimemwekea mlio wa jogoo, maana ndivyo alivyo. Saa sita kwa kawaida nakuwa nimeshatoka kazini.

Nikakaa, nikalia. Kijani.

"Nasikia uchungu mkubwa kwenye sauti yako," akaanza Siwema.

"Ndiyo, mwanangu."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Sijui kwa nini swali lile siku ile lilinipata bila ngao. Walishaniuliza wengi. Labda ni vile alivyouliza huku ameweka kalamu chini. Nikamwambia. Kwamba alikuwa anatembea mabega juu, kama amebeba ndoo mbili, hata akiwa mikono mitupu. Kwamba alikuwa anakula ugali ungali moto, akiungua ulimi anamlaumu mpishi. Kwamba alikuwa anapiga mluzi chooni, mtaa mzima unajua yumo.

"Nilimwambia asipande," nikasema. "Nilimwambia, na upepo huu usipande."

Siwema akanitazama. "Bibi," akasema polepole. "Treni na upepo wapi na wapi?"

Shahidi akabaki kijani, mjinga yule.

Pembeni ya kila meza pana kitufe. Mwanafunzi akigundua mteja wa mazoezi anaumwa kweli, lazima akibonyeze. Ni sharti la kwanza kwenye mwongozo wao, nalijua kuliko wao. Niliona kidole cha Siwema kikienda. Kikafika. Kikakaa juu ya kitufe kama inzi anayefikiri.

"Msiba wake ulikuwaje?" akauliza.

"Mkavu," nikasema. Nilishaanguka, acha niviringike. "Ulikuwa mwaka wa ukame, watu wameshahama. Hakukuwa na Mzaramo hata mmoja mtaani. Hakuna aliyezuia jeneza. Hakuna aliyevaa kofia yake akamwigiza. Tulimzika mwanangu kimya kama tunaficha kitu. Wangecheka hata kidogo, ningejua ameondoka."

Mahali pengine sijui mnafanyaje. Kwetu mtani ana kazi msibani, na kazi yenyewe si kupeana pole. Anakuja kumtania maiti, anawalazimisha wafiwa wacheke mbele ya kaburi, na hapo ndipo kilio kinapopata mlango wa kutokea. Msiba bila mtani ni chungu kilichofunikwa jikoni.

Siwema akaondoa kidole. Akavua miwani, akaiweka mezani kifudifudi. Akasimama, akachukua kanga yangu kwenye kiti, akajizungushia kichwani, akaenda kuziba mlango kwa mikono miwili.

"Maiti haitoki!" akapiga kelele, yule mtoto wa kukunja mikono. "Haitoki hapa! Mnyamwezi gani anasafiri mikono mitupu? Babu zenu walibeba pembe mpaka kwetu pwani, huyu ameshindwa kubeba hata godoro! Mrudisheni akachukue mzigo!"

"Siwema..."

"Siwema ni nani? Mimi ndiye marehemu!" Akapandisha mabega, akatembea kuzunguka meza, ndoo mbili zisizoonekana zikimning'inia, na Mungu ni shahidi, yule wa kweli, alikuwa ni yeye. "Nani kapika ugali huu? Ah! Ulimi! Mama unataka kuniua! Haya sasa, nimekufa, umefurahi?" Akapiga mluzi. "Niacheni, nipo chooni!"

Nikacheka. Kicheko kilitoka chini sana, kikaja na vitu vyake vyote, kikakutana njiani na kilio, vikatoka pamoja. Nililia na kucheka mpaka kitambaa hakikutosha, nikatumia ncha ya kanga aliyokuwa ameivaa yeye. Nikamwambia na mambo mengine, sikumbuki yote. Nikamtukana yeye na ukoo wake. Naye analia, anajibu matusi.

Tulipotulia, Shahidi alikuwa mwekundu kama kaa la moto.

Miaka sita kilio kitupu, kijani. Siku niliyocheka, nyekundu. Waliomtengeneza hawakuwahi kumpeleka msibani.

*

Tulisimama kwenye ujia, mimi nikimfunga kanga upya asionekane chizi.

"Andika bibi kaigiza vizuri, basi," nikamwambia. "Kicheko kilikuwa cha kadi."

"Nikiandika kweli watakulegeza."

"Ndiyo nakwambia uandike uongo."

"Nikiandika uongo, Bibi, mimi ni mshauri wa namna gani? Saa ya mia sita ndiyo hii. Nikianza na uongo, huyo wa kesho nitamwambia nini?" Akapangusa uso. "Na kama kweli unahitaji msaada?"

"Umeshanisaidia."

"Dakika kumi za utani si tiba. Hujaandikisha kifo miaka kumi na moja. Kila asubuhi unampigia simu kwenye namba iliyokufa."

"Nani kakwambia nampigia?"

"Wewe. Sasa hivi, ukicheka."

Loh. Hasara ya kucheka.

"Sikiliza, mtani," nikasema. "Naumwa, sikatai. Lakini ugonjwa huu ndani yake yumo mtu. Nitafutie dawa inayotibu ugonjwa na kumwacha mtu, nitainywa leo, hata kama ni chungu."

Alikuwa bado hajajibu, bangili yake ikawaka. Daktari Mutayoba anatuita wote wawili.

*

Daktari Mutayoba ndiye msimamizi wa mazoezi, na si mtu mbaya, hilo niliandike. Aliinuka nilipoingia, akaniamkia, akanisogezea kiti chenye mto. Mezani kwake palikuwa na Shahidi mwingine. Hakumwelekeza kwa Siwema. Maadili yao hayaruhusu kumpima mshauri, anapimwa mteja tu.

"Mama, leo umetutia hofu," akasema. Akamgeukia Siwema. "Sijasikiliza maneno yenu. Sheria hainiruhusu mpaka uchunguzi ufunguliwe, na sipendi kuufungua. Naona rangi tu. Niambie wewe: mteja alikueleza jambo lolote lisilo kwenye kadi?"

Siwema alinyoosha ule mgongo wake. "Daktari, siri ya mteja..."

"Mteja wa mazoezi hana siri, Siwema. Unajua."

Miaka miwili ya masomo, saa mia sita, mama yake Kisarawe ameshashona nguo ya mahafali. Angesema ndiyo, angetoka na cheti chake na pongezi.

"Basi hapana," akasema. "Aliigiza. Mimi ndiye niliyemchekesha. Kosa ni langu."

Daktari akaandika kitu kifupi. Akamgeuza Shahidi, uso ukanielekea mimi.

"Mama Kalunde, mwanao yuko wapi?"

"Mpanda."

Kijani. Msiniulize. Mtu ukisema jambo kila siku miaka kumi na moja, hata mshipa wa shingo unachoka kubishana.

"Hajambo?"

"Hajambo kabisa."

Kijani.

"Nina tatizo moja tu," akasema Daktari, kwa upole. "Daftari linasema hajafika popote miaka kumi na moja. Zahanati, benki, hata treni hajapanda. Nikifunga jambo hili leo, nataka nilifunge vizuri. Mpigie. Nikuone tu unaongea na mwanao, basi, Siwema apate cheti chake na wewe urudi nyumbani."

Nikatoa kitochi. Daktari akatabasamu kukiona, wote hutabasamu. Vidole vyangu vinaijua namba ile kuliko vinavyojua tasbihi. Nikaweka sikioni. Zamani kulikuwa na yule dada wa mtandao wa kusema namba haipatikani. Siku hizi hata yeye amestaafu. Kunalia *tii* mara moja, simu inajikata, halafu kimya.

"Haloo, baba," nikakiambia kile kimya. "Hujambo? ... Mimi mzima. Niko kazini. Hapana, hapana, hakuna tatizo, nimekukumbuka tu."

Kijani.

"Umekula? ... Ugali tena. Subiri upoe, nimekwambia mara ngapi." Nikacheka kidogo, na kicheko kilikuwa chepesi, hakijawahi kuwa chepesi hivyo. "Leo kuna Mzaramo kakuigiza, baba. Ungemwona. Mabega yako yale yale."

Siwema alikuwa anatazama sakafu. Daktari Mutayoba alikuwa anamtazama Shahidi, na Shahidi alikuwa wa kijani ambacho sijawahi kukiona, kijani cha majani ya mpunga. Nikaona mabega ya Daktari yakishuka. Akachukua kalamu. Akavuta fomu ya Siwema, akatafuta mahali pa kusaini.

"Haya, baba," nikasema. "Nikuache sasa. Uende salama."

Hapo jogoo akawika.

Aliwika ndani ya sikio langu, kwa nguvu zake zote, simu ikitetemeka shavuni kwangu katikati ya maongezi na mwanangu wa Mpanda. Kalamu ikasimama hewani. Ukutani saa ilikuwa sita kamili.

Jogoo akawika mara ya pili. Shahidi bado kijani, hana habari. Siwema akafumba macho. Daktari akaiweka kalamu mezani, taratibu sana, kama mtu anayelaza mtoto.

Jogoo wa tatu nikambonyeza, maana ningefanya nini tena.

"Kalunde," akasema Mama Nshoma, na ofisi nzima ilimsikia, "bado upo?"

Nikamtazama Daktari Mutayoba.

"Ngoja, mwenzangu," nikamjibu. "Ndiyo kwanza namuuliza daktari."